Siku Mama Benvinda Alipojitenga

Ukiteguka kifundo hapa Palma, watu hawakuulizi kama umekwenda hospitali. Wanakuuliza: "Umeshafika kwa Benvinda?" Na ukisema bado, wanakutazama kama mtu aliyependa mwenyewe kuumia.

Benvinda anachua. Ana mafuta ya nazi, maji ya moto, kitambaa na mikono miwili, basi. Hapigi ramli, hana hirizi, wala hajifungii na mgonjwa chumbani. Shughuli yote inafanyika kibarazani, wapita njia wakiona na wakitia maneno yao. Huja wavuvi walioburuta nyavu mpaka bega likagoma, huja waendesha mota, pikipiki za abiria, walioanguka wakala mchanga, huja vijana wa mpira na wajawazito wenye viuno vizito. Na wapo wazee ambao, tuseme ukweli, haliwaumi hata jino. Wanakuja kwa sababu mtu aliyepitiwa na mikono ile analala vizuri.

Kazi hiyo aliirithi kwa bibi yake, huko bara, upande wa Mueda, ambako alizaliwa na kubatizwa. Alishuka pwani na mumewe Jacinto, fundi wa kujenga, aliyekuja kutafuta kazi ya matofali. Jacinto akaipata, lakini mpaka leo hakuna anayesema "nyumba ya fundi Jacinto". Wanasema "kwa Benvinda". Yeye hana kinyongo. Waliopona hawaji mikono mitupu. Huleta pweza, huleta mihogo na madafu, na Jacinto amefuga kitambi kizuri kwa shukrani za watu wengine.

Sasa nikwambie tabia moja ya mama huyu, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Benvinda haombi kitu. Hajawahi. Mwaka ule wa vita, tulipokimbia wote kuelekea Quionga, alibeba sufuria mbili, mkeka, na mtoto wa watu mgongoni. Jirani yake Mariamo, aliyekuwa akitembea naye bega kwa bega, alinyoosha mkono ampokee japo sufuria moja. "Niko sawa," Benvinda akamwambia. Miguu inachuruzika damu, naye yuko sawa. Mimi huwa nafikiri siku atakayokufa, wanaomwosha watamsikia akisema wamwachie sabuni, ataoga mwenyewe.

Mariamo huyo anastahili kuelezwa. Ni mwenyeji wa hapa hapa, mtoto wa pwani kwa baba na mama, Mwislamu wa swala tano, muuza vitumbua, na ulimi wake hauna likizo. Kati ya ua wake na wa Benvinda kuna kiwambo cha makuti chenye tundu kubwa kuliko mlango. Wanaitana shoga, na kwa miaka yote waliyokaa pamoja hawajakosa cha kubishania.

Mwaka jana, mvua zilipokatika, kidole gumba cha mkono wa kulia wa Benvinda kilianza kuvimba. Kwanza akasema amejigonga. Kisha uvimbe ukaenea mpaka kwenye kifundo cha mkono, na ikawa akishika ufagio, ufagio unaanguka. Mariamo ndiye aliyemburuta hospitali, karibu kwa nguvu. Muuguzi akaupapasa ule mkono, akaukunja, akaukunjua, akatikisa kichwa.

"Mama, mkono umechoka," akamwambia. "Uupumzishe kabisa. Usichue mtu. Halafu atafutwe mtu wa kukukanda wewe, kila siku, kwa mafuta ya moto, akinyoosha hiki kidole polepole. Usipofanya hivyo kitakakamaa. Hutashika tena hata kijiko."

Walipotoka nje, Mariamo hakusubiri hata wafike barabarani. "Umesikia? Leo jioni uje nikukande."

"Niko sawa, shoga."

"Muuguzi kasema nini?"

"Kasema nipumzike. Nitapumzika."

Hakupumzika. Angepumzika vipi? Akifungua mlango asubuhi, watu wamekwishaketi kibarazani, huyu na shingo, yule na nyonga. Kusema "leo siwezi" kulimshinda. Akajifunza kuchua kwa mkono wa kushoto, kisha kwa kiwiko, na mkono wa kulia akauficha ndani ya kanga. Kuomba mtu amkande yeye, hilo ndilo halikumpitia akilini kabisa. Mariamo alikuwa akimtazama kupitia tundu la kiwambo na kusonya.

Mambo yakawa hivyo mpaka Jumapili moja kanisani. Kikanisa chetu ni cha mabati, na padri hufika mara moja moja, kwa hiyo ibada huongozwa na katekista Raimundo. Huyu siku za kazi ni fundi cherehani, mtu mwema sana, ila akipata watu walioketi kimya hajui kunyamaza. Siku hiyo akasoma Injili, pale Yesu alipomponya mwenye ukoma na habari zake zikatapakaa, watu wakamiminika kwa makundi wamsikilize na waponywe. Na mwisho wa habari kuna mstari mfupi: yeye alikuwa akijitenga, akienda mahali pasipo watu, kusali.

Raimundo aliusoma ule mstari mbio mbio, akahubiri juu ya makundi. Alisema na sisi tuwe kama wale watu, tusichoke kumfuata Bwana. Alisema hivyo kwa njia nyingi, mpaka watoto wakalala. Lakini Benvinda, aliyekaa karibu na dirisha na mkono wake ndani ya kanga, alikuwa amebaki kwenye ule mstari mfupi. Alihisi umesomwa kwa ajili yake, na akaogopa.

Baada ya ibada alimngoja Raimundo mlangoni.

"Katekista, wale wagonjwa aliwaachia nani?"

"Wagonjwa gani, mama?"

"Si umesoma walikuja wengi waponywe? Kisha ukasoma akajitenga. Sasa wale waliofika siku hiyo, na wengine wametoka mbali, aliwaacha pale pale wakiumwa?"

Raimundo akakohoa. "Portanto, yaani, mama Benvinda... yeye ni Mungu. Alijua la kufanya."

"Sikatai. Na alipofika kule peke yake, aliomba nini?"

"Haikuandikwa."

"Mbona kila Jumapili unatueleza saa nzima yasiyoandikwa?"

Raimundo akacheka, akajishika shingo, maana shingo yake huwa inamkaza kwa sababu ya kuinamia cherehani, akasema atakwenda kusoma zaidi. Kisha, masikini, akauliza kama anaweza kupita jioni achuliwe kidogo. Benvinda akamwambia apite.

Jioni ile alimkanda Raimundo kwa kiwiko, na alipomaliza hakuweza kufunga kifuniko cha chupa ya mafuta. Mariamo alipita kwenye lile tundu, akamfungia, akaketi. Benvinda akamsimulia habari ya mstari, kwa sababu ulikuwa umemkaa kichwani tangu asubuhi.

"Ah, hiyo ni kama itikafu," Mariamo akasema. "Ramadhani kumi la mwisho, marehemu baba yangu alikuwa anahamia msikitini. Analala huko, anaswali, anasoma. Sisi tunampelekea futari mlangoni tunarudi. Watu wa biashara wanamtafuta, wajomba wanamtafuta, mama anawaambia, amekaa itikafu. Basi. Hakuna anayefungua mdomo tena."

"Na hawakumkasirikia?"

"Wamkasirikie nani? Mtu yuko kwa Mola wake. Walikuwa wanamwambia mama, mwambie atuombee." Mariamo akamtazama. "Wewe ukiwa hapa hapa hutapona, Benvinda. Nenda Quionga kwa shangazi yangu Zubaida. Nyumba iko ndani ya minazi, jirani yupo mbali. Hawa niachie mimi."

Benvinda akatafuta sababu ya kukataa, akaikosa. Kwa mtu kama yeye, huko kukosa tu kulikuwa ni kukubali. Asubuhi alifunga kanga mbili, akamwambia Jacinto anakwenda kupumzisha mkono.

"Na mimi nitakula nini?" Jacinto akauliza.

"Kitambi chako," akamjibu, akapanda mota ya Suleimane, kijana anayebeba abiria, wakaondoka.

Siku ya kwanza kule Quionga ilikuwa mateso matupu. Bibi Zubaida ni mzee mwembamba, mkali, anayeishi peke yake na mbuzi wake, na nyumbani kwake amri ilikuwa moja: keti. Benvinda akishika ufagio, ananyang'anywa. Akianza kumenya muhogo kwa mkono wa kushoto, kisu kinachukuliwa. Alijaribu kumshawishi bibi akubali kukandwa magoti, maana aliona anavyoinuka kwa tabu.

"Magoti yangu yameishi bila wewe miaka yote hii," Zubaida akamwambia. "Lete mkono nikukande mimi."

"Niko sawa, bibi."

"Sikukuuliza kama uko sawa."

Lakini Zubaida hakumlazimisha. Alimwonyesha chupa ya mafuta ilipo, akarudi kwa mbuzi wake.

Kila asubuhi Benvinda alikwenda mpaka mwisho wa minazi, mahali pasipo mtu, akajaribu kusali. Alikuwa amezoea kusali kanisani na wenzake, kwa wimbo na kwa sauti. Peke yake maneno yalimwishia upesi. Basi akawa anawataja wagonjwa wake. Akamwombea mzee Abibo na goti lake. Akamwombea binti wa Hamido na mimba yake ya kwanza. Akaiombea shingo ya Raimundo, pamoja na ulimi wake. Siku moja, walipokwisha wote, akasikia ni zamu yake. Akafungua mdomo. "Na mimi, Bwana," akasema, "na mimi... niko sawa."

Akajisikia mwenyewe. Akasimama pale, mkono umevimba kama andazi, akicheka peke yake mpaka mbuzi wa Zubaida wakainua vichwa. Watu amewadanganya miaka yote, haya. Sasa anamdanganya mpaka Mungu, aliyeuumba mkono wenyewe!

Kicheko kilipokwisha, ule mstari ukamrudia. Kutwa nzima watu walikuwa wakimvuta Yesu nguo, huyu nisaidie, huyu niguse. Kama angekuwa hana shida yoyote, asingekwenda kule pembeni. Hakwenda kujificha, na hakwenda kwa kuwachoka watu. Alikwenda mahali ambapo yeye naye angeweza kusema kinachomsibu, mbele ya anayeweza kumsikiliza. Benvinda alielewa hivyo, na mimi naona alielewa vizuri kuliko tulivyohubiriwa. Lakini kuelewa kulikuja bure. Kutenda ndiko kulikuwa na kazi. Jioni Zubaida alimuuliza tena kuhusu kukandwa, na Benvinda akasema kesho. Uvimbe ulikuwa umepungua kidogo tu, na kidole kilikuwa kimeanza kukakamaa, kama muuguzi alivyosema. Alikiona. Alikuwa akikitazama kila asubuhi, akiogopa, na bado akasema kesho.

Huku nyuma Palma, mambo yalikuwa yameharibika kwa namna ambayo ni sisi tu tungeweza kuyaharibu.

Wagonjwa walifika kibarazani kama kawaida, wakamkuta Jacinto. Jacinto hawezi kusema uongo. Akiulizwa mke yuko wapi alikuwa anatazama juu kama anayehesabu mabati. Mariamo akaona atawaambia mkewe aliko nao wamfuate, akachukua karai lake la vitumbua na kuhamia pale kibarazani. Kila aliyeuliza alimjibu kwa sauti ya kutosha mtaa mzima: "Benvinda hayupo. Ni kama amekaa itikafu. Nendeni mkapumzike na nyie."

Yeye alikuwa anatoa mfano, na mfano wake ulifanya kazi kama alivyotaka. Watu waliinuka mara moja, kwa heshima, wakaondoka. Ila walipofika nyumbani walisimulia. Aliyesimuliwa naye akasimulia. Kufika alasiri, watu walikuwa wamekwishauliza swali la haki kabisa: mtu akae itikafu na si Mwislamu? Na jibu wakajipa wenyewe. Benvinda amesilimu. Kufika Ijumaa alikuwa na jina jipya, na kuna waliokuwa wanajua hata shehe aliyemsomesha shahada.

Wanawake wa msikitini wakafurahi mno. Wahida, mwalimu wa madrasa ya wasichana, alinunua kanga mpya na mtandio mweupe, wakapika sufuria ya pilau ya kwenda kumpokea dada yao. Mariamo alipowaambia hapana, sikusema hivyo, walimtazama kwa huruma, wakasema wanajua anatunza siri na Mungu atamlipa.

Raimundo alizipata habari akiwa kwenye cherehani, akashona mkono wa shati kwenye kiuno cha suruali. Kilichomuumiza hakikuwa kumpoteza muumini tu. Ni kwamba mama yule alikuja kwake na swali juu ya mstari, na yeye akamjibu haikuandikwa, kisha akampa shingo yake achue. Sasa amekwenda kupata jibu kwingine. Raimundo aliwaambia wanakwaya kwamba kosa ni lake, na machozi yalimtoka kweli. Akamkamata Suleimane, na Suleimane, ambaye hakuna aliyemwambia anyamaze, akasema bila taabu alikompeleka abiria wake, na mtaa mzima ukajua.

Siku ile gari la kwenda Quionga lilikuwa moja tu, lori linalokwenda kuchukua nazi. Kwa hiyo mbele walipanda wanawake wa msikitini na pilau yao, nyuma wakapanda wanakwaya na ngoma yao, na katikati wakaketi Mariamo na Jacinto, waliojua ukweli na hawakusikilizwa na upande wowote. Na kwa kuwa safari imepatikana, mzee Abibo naye akapanda na goti lake, na vijana wawili wa mpira, na wengine wengi waliokuwa na maumivu yaliyongoja, mimi nikiwamo. Njiani mchanga uliwarusha. Kwaya iliimba, Wahida na wenzake wakaimba kaswida zao kwa vigelegele, na walipochoka kushindana wakagawana pilau. Sitaki kusema waliifikisha nusu, maana hawakuifikisha.

Benvinda alikuwa ameketi juu ya kigogo mbele ya nyumba lori lilipotokeza kati ya minazi. Alidhani kuna vita tena. Akasimama kumtafuta Zubaida ili wakimbie, ndipo akamwona mumewe amebebwa katikati ya watu wanaoimba nyimbo mbili tofauti.

Wahida ndiye aliyeshuka wa kwanza, akamkumbatia, akamwekea kanga mpya begani. "Hongera, dada yangu. Karibu."

"Ahsante," Benvinda akasema. "Karibu wapi?"

"Mama!" Raimundo alikuwa anaruka kutoka nyuma ya lori. "Mama Benvinda, nisamehe! Nimesoma. Nimesoma mpaka macho yameniuma. Ulitaka kujua aliomba nini, mimi nikakujibu vibaya. Rudi tu, tutaongea!"

"Nirudi kutoka wapi?"

Watu wakatazamana. Mzee Abibo, aliyekuwa anateremshwa taratibu, akauliza alichotaka kuuliza kila mtu: amesilimu au hakusilimu? Benvinda akamgeukia Mariamo. Mariamo akafunika uso kwa mtandio wake.

"Nilisema kama," Mariamo akasema. "Wallahi nilisema ni kama."

Kicheko kilianzia kwa Jacinto, kikamfika Zubaida mlangoni, kikawafika wote. Wahida alicheka akaketi chini. Alitaka kuichukua kanga, kisha akaiacha pale pale begani, akasema zawadi ni zawadi. Raimundo alicheka na kulia pamoja, akajishika shingo, maana lori lilikuwa limeikaza vibaya.

Na hapo, kicheko kilipotulia, wakakumbuka kwamba wako mbele ya Benvinda na wameumwa siku nyingi. Hakuna aliyesema kwa sauti. Kijana mmoja wa mpira alisogeza tu mguu mbele. Mzee Abibo akakunja suruali mpaka gotini. Mwingine akaanza kujipapasa kiuno, akitazama pembeni kwa adabu.

Benvinda aliwaona, na moyo ukamlainika kama siku zote. Aliwapenda, hilo halikuwa na shaka kamwe. "Njoo, Raimundo," akasema. "Keti hapa nikuone hiyo shingo."

"Usimguse!" Mariamo akapiga kelele, lakini Raimundo alikuwa ameshaketi.

Benvinda akaweka mikono yake miwili shingoni, kulia na kushoto, akabonyeza. Kidole hakikukunjika. Maumivu yalipanda mpaka begani, mkono ukaanguka wenyewe pembeni, mbele ya watu wote. Mtu mmoja nyuma akasema pole, mama, jaribu polepole kwa huo wa kushoto. Alisema kwa wema. Benvinda aliinua mkono wa kushoto, akauangalia, akaurudisha chini.

Akaketi kwenye kigogo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayebeba kitu kizito asichojua pa kukitua. Wote tuliokuwa pale tulikuwa tunajua atakachosema. Mariamo alikuwa ameshaanza kusonya.

"Siwezi," Benvinda akasema. "Mkono unaniuma. Unaniuma tangu mvua zilipokatika, na ukiachwa hivi utakufa. Nimechoka, jamani." Lililofuata lilitoka kwa sauti ndogo, kama la mtoto mgeni. "Nikandeni. Nawaomba."

Mariamo alikuwa ameshaingia ndani na kutoka na chupa ya mafuta kabla wengine hawajafunga midomo. Akapiga magoti mchangani, akauchukua ule mkono, akaanza, na Wahida akamwambia siyo hivyo, Benvinda huanza na kiganja. Mwanakwaya mmoja akasema hapana, anaanza juu, kwenye kiwiko, akishuka. Yeye alichuliwa hivyo mkono ulipovunjika. Mzee Abibo akaagiza maji ya moto kwanza, na kitambaa kikamuliwe sana. Wakabishana, wakasukumana, kila mmoja akionyesha kwa mkono wake mwenyewe, na Benvinda aliyekuwa katikati yao akatambua kwamba wote wanasema kweli. Hakuna aliyewafundisha. Walijua kwa sababu mikono yake ilikuwa imepita juu ya miili yao miaka yote hiyo, na miili haikusahau. Mariamo alishuka kutoka kiwikoni polepole, akazungusha gumba pale pale ambapo yeye Benvinda angezungusha, akapumzika pale ambapo angepumzika.

"Sasa nimejua aliomba nini," Benvinda akamwambia Raimundo.

"Nini?"

"Nipishe kwanza, inauma."

Mariamo akakinyoosha kidole. Benvinda akalia kwa sauti, mbele ya kwaya na mbele ya wanawake wa msikitini, akalia mpaka akatosheka, na hapakuwa na mtu aliyemwambia anyamaze. Walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja amejipaka mafuta viganjani, wakingojea zamu ya kumkanda.